Sanduku la Kuhani Yehoyada na Gari la Parokia

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 12, imo habari ambayo haisikiki mara nyingi katika mahubiri, labda kwa sababu inahusu matengenezo. Mfalme Yoashi aliwaagiza makuhani watumie fedha zilizoletwa hekaluni kuzitengeneza nyufa za nyumba ya Bwana. Miaka ikapita. Ulipofika mwaka wa 23 wa utawala wake, nyufa zilikuwa palepale. Ndipo kuhani Yehoyada alipochukua sanduku, akatoboa tundu kwenye kifuniko chake na kuliweka karibu na madhabahu. Lilipojaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu walihesabu fedha pamoja, wakawakabidhi wasimamizi wa kazi, nao wakawalipa maseremala, waashi na wakata mawe. Kisha Maandiko yanaongeza jambo la kushangaza: wasimamizi wale hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu.

Tumeisoma sura hiyo mara nyingi tangu tulipolazimika kuamua juu ya gari la parokia yetu. Sisi tunaoandika ni watu watano tuliopewa na halmashauri ya walei kazi ya kuliangalia gari hilo: mkulima wa mpunga, mwalimu mstaafu, mzee aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana za reli ya TAZARA, mwenyekiti wa WAWATA, na dereva. Parokia yetu iko katika bonde la Kilombero, si mbali na mji wa Ifakara. Tunaandika kwa ajili ya parokia, mitaa na familia nyingine ambazo nazo zina chombo kikuukuu wanachokitegemea, na zinajiuliza swali lilelile: tulipeleke gereji ya mjini, au tulitengeneze wenyewe?

Gari lenyewe ni Toyota Land Cruiser, la yale ambayo watu huyaita "mkonga" kwa sababu ya lile bomba la kuvutia hewa lililosimama kando ya kioo. Injini yake ni 1HZ ya dizeli, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Haina turbo wala kompyuta. Ndiyo maana injini za aina hii zimedumu sana vijijini: mtu mwenye spana, maarifa na subira anaweza kuifungua akaona kwa macho yake kilichochakaa. Lakini uimara wa injini hauzuii bonde lisifanye kazi yake juu ya gari.

Anayelijua bonde letu anaelewa tunachosema. Masika yakija, maji hushuka kutoka milima ya Udzungwa upande mmoja na milima ya Mahenge upande wa pili, na uwanda wote unalowa. Mpunga unafurahi, barabara zinalia. Njia za kwenda vigangoni zinageuka tope jeusi linalonata kama ugali mbichi. Kiangazi kikija, tope lilelile linakuwa vumbi jepesi linaloingia kila tundu.

Mzee wetu wa reli alitueleza jinsi maji yanavyoliua gari polepole, na inafaa tulieleze hapa. Gurudumu likizunguka kwa muda mrefu, chuma kinachoshika beringi hupata joto, na hewa iliyomo ndani hutanuka. Gari likiingia ghafla kwenye maji baridi, hewa ile husinyaa, na inaposinyaa huvuta maji ndani kupitia kwenye sili, hasa sili iliyozeeka. Grisi inageuka rangi ya chai ya maziwa na kupoteza utelezi wake. Wiki chache baadaye beringi inaanza kulia. Difu nayo ina bomba dogo la kupumulia. Bomba hilo likizibwa na tope, difu hutafuta pumzi kupitia kwenye sili, na badala ya hewa inavuta maji. Hakuna aliyekosa hapo, ni maji na joto tu vinavyofuata sheria ambazo Mungu ameviwekea.

Tuseme pia kazi ya gari hili, maana bila hiyo hesabu zetu hazina maana. Parokia ina vigango tisa, na vitatu viko ng'ambo ya Mto Kilombero. Wazee wanakumbuka enzi za kivuko, jinsi watu walivyolala ukingoni wakisubiri, na hofu iliyotanda baada ya kivuko kupinduka mtoni mwezi Januari 2016. Tangu Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lilipozinduliwa mwaka 2018, mto si kikwazo tena. Daraja limetuondolea kisingizio. Zamani tuliposhindwa kufika, mto ulibeba lawama. Sasa akiitwa padre usiku kwa ajili ya mpako wa wagonjwa, au mama akishikwa na uchungu kigangoni na kuhitaji kufikishwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko pale Ifakara, kinachoamua ni gari kuwaka au kutowaka. Gari hili limebeba Ekaristi, limebeba wagonjwa na maharusi, na limebeba majeneza.

Mwezi Mei klachi ilianza kuteleza. Injini inanguruma, gari haliendi. Wakati huohuo beringi za mbele zilikuwa zinalia, breki zimelegea, jani moja la springi ya nyuma limevunjika, na moshi mweusi unatoka kila gari linapopanda mwinuko. Padre Paroko aliomba makadirio kutoka gereji moja ya mjini, mbali na kwetu zaidi ya kilomita 200. Yalikuja yameandikwa vizuri, kila kitu na bei yake: klachi nzima shilingi 1,150,000, beringi na sili za mbele pande zote mbili 780,000, breki 640,000, springi na bushi 560,000, pampu ya dizeli na nozeli 1,900,000, oili, filta na belti 520,000, ufundi 1,300,000. Jumla shilingi 6,850,000. Na kwa kuwa gari lisingeweza kufika huko kwa miguu yake, lori la kulibeba lilitaka 700,000. Kwa hiyo 7,550,000. Katika mfuko wa gari tulikuwa na 2,900,000.

Hatuwalaumu watu wa gereji ile. Walitaja bei ya kazi kamili, ya kubadili kila kitu, na wao wana kodi, umeme, mashine na vibarua wa kulipa. Bei yao ilikuwa ya haki kwa kazi waliyoitaja. Swali letu lilikuwa kama kazi hiyo yote ndiyo iliyohitajika.

Kikao cha kwanza kilitoa mawazo matatu. Wa kwanza alisema tuwaandikie marafiki wa Ulaya watusaidie gari jingine. Wazo hili lina historia yake. Wakapuchini wa Uswisi walihudumu katika sehemu hizi tangu miaka ya 1920, na wazee wetu wanakumbuka misheni zilizokuwa na karakana, na mabruda waliojua kuchonga mbao, kufua chuma na kufungua injini. Siku hizo chombo kilikuja pamoja na mtu wa kukitunza. Leo jimbo letu la Ifakara, lililozaliwa mwaka 2012 kutoka Jimbo la Mahenge, linaongozwa na kuhudumiwa na watoto wa nchi hii. Gari linaweza bado kuja kwa wema wa marafiki, lakini bruda wa kulitengeneza haji nalo. Tukipewa jipya leo, baada ya masika matano litakuwa hapa hapa lilipo hili, na sisi tutakuwa hapa hapa tulipo, na barua mkononi.

Wa pili alisema tukope kwenye mfuko wa bati za kanisa la kigango kimoja, tulipe gereji, tumalize. Fedha hizo zilitoka kwa wajane na vijana waliouza mpunga wao ili waache kunyeshewa wakati wa Misa. Mwalimu wetu alijibu kwa sauti ya chini kwamba mwenye bati akubali kwanza, na mwenye bati hakuwepo kikaoni. Wazo likaishia hapo.

Wa tatu alisema tufanye wenyewe. Yupo kijana wa jumuiya yetu mojawapo, aliyesoma ufundi wa magari VETA, mwenye gereji yake chini ya mwembe. Mzee wa reli yupo. Dereva analijua gari. Vijana wa parokia wana nguvu. "Kijana atafanya kwa sadaka," alisema mmoja wetu. "Hii ni kazi ya Kanisa. Itakuwa bure." Karibu wote tukatikisa vichwa kukubali.

Ndipo mama mwenyekiti wa WAWATA aliponyoosha mkono. "Padre, mimi si fundi, lakini naomba niulize. Hiyo bure tunayoisema, anayeitoa ni nani?"

Padre akamwambia, "Endelea, mama."

"Huu ni mwezi wa mavuno. Huyo kijana ana mke na watoto wawili. Akikaa chini ya gari letu siku tisa, mpunga wake atavuna nani? Na akiitwa na Padre, baba zangu, yule kijana atasema hapana kwa mdomo upi?"

Kikao kilinyamaza. Tuliona kwamba hesabu yetu ya kufanya wenyewe ilikuwa nafuu kwa sababu ilikuwa na mtu mmoja ambaye hakuandikwa. Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, inaagiza mfanyakazi apewe ujira wake siku ileile, kabla jua halijatua, kwa sababu ni maskini na moyo wake unautegemea. Yakobo naye, katika sura ya 5, anasema ujira uliozuiliwa hupiga kelele, na kelele hizo hufika masikioni mwa Bwana. Sadaka ni kitu ambacho mtu hutoa kwa hiari yake. Kikitolewa na wengine kwa niaba yake, kinapaswa kuitwa kwa jina jingine.

Basi tukakubaliana: lolote tutakalochagua, fundi atalipwa, na kila kitu kitaandikwa kwenye daftari, hata kile tunachokipata kwa ukarimu. Wiki ile mzee wa reli na fundi walilikagua gari, na kikao cha pili tukaigawa orodha ya gereji katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza lilikuwa kazi ambazo mikono ya kawaida inaweza kuzifanya ikielekezwa: kuosha chini ya gari mpaka chuma kionekane, kumwaga oili na kuweka mpya, kubadili filta, kupiga grisi, kuzibua yale mabomba ya kupumulia, kufungua magurudumu na kuyarudisha. Kazi hizi hazina siri. Zinahitaji muda na usafi, na gereji hulipisha muda huo.

Fungu la pili lilikuwa kazi za fundi, lakini za kufanyika hapahapa: klachi, beringi, springi, breki.

Fungu la tatu lilikuwa kazi ambazo haziwezekani bila mashine. Nozeli za dizeli hupimwa kwenye kifaa kinachosukuma mafuta kwa shinikizo, ili ionekane kama zinapuliza ukungu au zinadondosha matone. Zinapodondosha, dizeli haiungui yote na moshi unakuwa mweusi. Pampu nayo ina meza yake ya kupimia, na fundi anayeifungua bila meza hiyo anabahatisha tu. Lakini mzee aliona jambo ambalo lilitupunguzia mzigo mkubwa. Mashine iko mjini, ndiyo, ila kinachotakiwa kufika kwenye mashine ni nozeli sita, na nozeli sita zinaenea kwenye kopo la rangi. Hakuna haja ya lori kubeba gari zima. Tuanze na nozeli. Moshi ukibaki, ndipo tuiguse pampu.

Juu ya breki kulikuwa na mabishano. Mmoja wetu alipendekeza pedi za mtumba, ambazo ni za bei ya chini sana. Mzee alikataa kabisa. "Injini ikizima, mtashuka msukume," alisema. "Breki zikikataa, hamtashuka." Tukaamua kwamba kwenye breki na usukani hatutabana hata shilingi moja. Spea ziwe mpya, zinunuliwe duka linalotoa risiti, kifaa cha zamani kipelekwe dukani kilinganishwe na kipya, na mwenye kufunga awe fundi, si mtu anayejifunza. Tulifikiri juu ya yule mama mwenye uchungu anayelazwa kiti cha nyuma. Yeye hakuwepo kwenye kikao chetu, hajui tulivyopunguza gharama, na amri ya kutoua inamhusu yeye pia.

Kazi ilifanyika mwezi Juni, siku tisa. Tunaisimulia kwa kifupi. Vijana waliosha gari siku nzima ya kwanza. Fundi na msaidizi wake walishusha propela shafti, lakini kwanza mzee aliwaambia wapige alama ya rangi mahali zinapoungana, ili zirudi vilevile zilivyokuwa na zisilete mtetemo. Kila nati na boliti ilipata kopo lake, na kila kopo liliandikwa. Kuishusha giaboksi ndiyo ilikuwa kazi nzito kuliko zote. Tulikodi jeki kubwa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kuingia chini kabla magogo ya kuzuia hayajawekwa. Klachi ilikuwa imekwisha kweli, imebaki chuma kwa chuma. Hapo makadirio ya gereji yalikuwa sahihi kabisa, tukanunua klachi nzima kama walivyoandika.

Kwingine, kufungua kwanza ndiko kulikotuokoa. Beringi za kushoto zilikuwa zimekwaruzika, lakini za kulia zilikuwa nzima. Zilihitaji kuoshwa, sili mpya na grisi mpya. Springi ilihitaji jani moja na bushi, si springi nzima. Dereva alipanda basi na kopo lake la nozeli hadi Morogoro. Zilipopimwa, nne zilikuwa zinadondosha. Zikabadilishwa ncha zote sita, zikarekebishwa, akarudi siku ya pili. Pampu haikuguswa.

Daftari linasema hivi. Nozeli, vipimo na nauli 480,000. Klachi 1,150,000. Beringi na sili 430,000. Breki 640,000, sawasawa na bei ya gereji. Springi na bushi 210,000. Oili, filta na belti 410,000. Kukodi jeki na vifaa 70,000. Ujira wa fundi na msaidizi wake, shilingi 60,000 kwa siku, siku tisa, 540,000. Chakula cha mafundi na vijana, kilichopikwa na akina mama, tulikiandika 90,000 kwa bei ya sokoni ingawa mchele ulitoka majumbani mwao. Na tuliandika pia 380,000 za bodaboda na gari la kukodi kwa ajili ya huduma za vigango na wagonjwa siku ambazo gari lilikuwa juu ya magogo. Jumla 4,400,000. Hizo za kukodi zingekuwepo hata kama gari lingekwenda mjini. Kwa hiyo anayetaka kulinganisha sawasawa aziondoe, abaki na 4,020,000 dhidi ya 7,550,000.

Tumeziandika tarakimu hizi si kwa kujisifu. Tunataka msomaji aone nafuu ilitoka wapi. Haikutoka kwa kumpunja fundi, wala kwa spea za bei ya chini. Sehemu kubwa ilitoka mahali pawili: kufungua na kutazama kabla ya kununua, na kupeleka nozeli mjini badala ya gari zima. Sehemu nyingine ilitoka kwa muda wa watu, na muda wa watu si bure. Familia yenye baba mmoja anayefanya kibarua kila siku inaweza kufanya hesabu hii ikapata jibu tofauti na letu. Kama siku tatu za kuhangaika chini ya pikipiki zinampotezea ujira mkubwa kuliko bei ya fundi, basi ampe fundi, na asione aibu. Kufanya mwenyewe si utakatifu, na kulipa si uvivu.

Upungufu ulikuwa 1,500,000. Padre alitangaza kwenye Misa mbili, na daftari likawekwa mezani mlangoni mwa kanisa, lisomwe na yeyote. Jumuiya ndogondogo zilileta mpunga, maana ndicho tulichojaliwa mwezi ule: magunia 18, yakauzwa 85,000 kila moja, yakapatikana 1,530,000. Shilingi 30,000 zilizobaki zilirudi kwenye mfuko. Bati za kigango hazikuguswa.

Kuhusu fundi wetu, alilipwa kila jioni, mkononi, mbele ya mtu wa pili. Siku ya kwanza alisita kuzipokea. Mama wa WAWATA akamwambia, "Pokea, mwanangu. Ukitaka kumpa Mungu, utampa mwenyewe, kwa mkono wako." Akazipokea. Alizifanyia nini si shauri letu.

Tunarudi kwa Yehoyada. Tulipokuwa tukiisoma sura ile zamani, tulidhani kuna mgongano: fedha zilihesabiwa na watu wawili kwa uangalifu mkubwa, halafu wasimamizi wa kazi hawakudaiwa hesabu. Sasa tunaona namna mambo hayo mawili yanavyokaa pamoja. Kuhesabu kulifanyika kwenye sanduku, mahali ambapo fedha ni za watu wote. Kuaminiana kulifanyika kwenye kazi, kati ya watu waliojulikana kwa matendo yao. Palipo na daftari wazi, imani kati ya watu inapata pa kusimama. Nasi tunadhani kwamba miaka ile yote nyufa hazikuzibwa kwa sababu kila kuhani alijua zipo, na kila mmoja alidhani ni kazi ya mwingine.

Lipo somo jingine katika Kitabu cha Nehemia, sura ya 3. Watu waliojenga upya ukuta wa Yerusalemu hawakuwa waashi wote. Walikuwemo wafua dhahabu na watengeneza manukato, na wengi walitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao. Vijana wetu sita sasa wanajua rangi ya grisi iliyoingiwa na maji. Kila Jumamosi mmoja wao huosha chini ya gari, hupiga grisi, hukagua mabomba ya kupumulia na kuandika kwenye daftari. Baada ya kila safari iliyovuka maji marefu, magurudumu ya mbele hukaguliwa kabla ya kufika mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo sehemu ya ukuta inayoelekea nyumba yetu.

Hatupendi kuacha picha kwamba gari sasa ni jipya. Moshi umepungua, haujaisha. Mlango wa nyuma bado unafungwa kwa kamba. Na ipo siku ambayo itakuwa haki kuliacha, kwa maana Mhubiri anatufundisha kwamba kila jambo lina majira yake, na kutengeneza nako kuna mwisho wake. Ili siku hiyo isiamuliwe kwa mapenzi ya chuma wala kwa uchovu, tumeandika kanuni ndani ya jalada la daftari: gharama za matengenezo za mwaka mmoja zikizidi zile ambazo zingetosha kukodi gari kwa huduma zote za mwaka huo, kamati italeta pendekezo la kuliuza, na fedha zake zitaingia kwenye mfuko uleule. Mwaka huu hazijafika nusu.

Hayati Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alilaumu tabia ya dunia ya kutumia na kutupa, akaonya kwamba tabia hiyo haiishii kwenye vitu. Inawafikia na watu. Sisi tungependa kuongeza tulichokiona chini ya mwembe. Mtu anaweza kuokoa kitu kikuukuu na papo hapo akamtupa mtu aliyekiokoa, kwa kutomlipa. Kwa hiyo kabla hujauliza gharama ya gereji na gharama ya kufanya mwenyewe, andika kwanza majina ya wote watakaolipa, kwa fedha, kwa jasho au kwa hatari: fundi, mkewe anayevuna peke yake, abiria wa kiti cha nyuma, mwenye bati. Majina yakishakamilika, chukua kalamu, ujumlishe. Na ukishajumlisha, ombea kazi hiyo, halafu ianze mapema, masika hayajaingia.